Simu Niliyoipokea kwa Niaba Yako

Evodia mwanangu,

Ni saa nane mchana. Wewe tangu jana uko Ntobeye kwa bibi yako, umekwenda kumuaga, na baba yako yuko shambani anang'oa maharage kabla mvua haijayaharibu. Nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari. Kesho alfajiri unapanda basi Biharamulo kwenda Dar es Salaam, na hii ndiyo nafasi pekee niliyobaki nayo ya kukuandikia kabla hujarudi.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutolala kwenye basi mkoba ukiwa wazi, shangazi yako amekueleza yote, na mengine ameyarudia mara tatu. Mimi sitayagusa. Nina jambo langu, nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na nisipolisema leo nitakuwa nimekuacha uondoke na uongo wangu.

Nilikuonea wivu, Evodia. Sisemi ule wivu wa mama kuona mwanawe anampenda zaidi baba yake. Nilikuonea wivu wewe mtunzi, mimi nikiwa mtunzi, na kwa sababu ya wivu huo nilikutendea kitu ambacho mpaka leo hukijui.

Lakini nianze na mimi. Unajua nilianza kutunga nyimbo za kwaya kabla hujazaliwa. Kuanzia hapa Bisibo mpaka Ngara mjini, watu wa kwaya wakisikia Mwalimu Leonia wanajua ni nani. Nimewahi kukaa kwenye harusi ya watu nisiowajua, nikasikia wimbo wangu unaimbwa na kwaya ambayo haikujua kama mwenye wimbo yumo ukumbini. Sikujitambulisha. Nilikaa nikala pilau kidogo tu, maana nilikuwa nimeshiba tayari.

Nimekusimulia pia kwamba nikiwa msichana nilipata nafasi ya kwenda kusoma muziki kwenye chuo cha kanisa, na babu yako akanikatalia kwa sababu mimi ni binti. Si kweli. Babu yako alinisindikiza mwenyewe mpaka stendi, amebeba sanduku langu begani. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba siku ya kwanza unapewa karatasi ya nota za mistari mitano, unaimba palepale mbele ya watu. Nami nilijua do, re, mi za kuandika kwa herufi, basi. Gari lilipofika nikamwambia baba tumbo linaniuma. Tukarudi nyumbani. Wiki iliyofuata akaniuliza kama tujaribu tena, nikamwambia sitaki. Miaka yote hii nimemsingizia marehemu ambaye hawezi kujitetea. Nilimwogopa yule mtu ambaye angenisikia nikikosea, basi nikachagua kubaki mahali ambapo hakuna wa kunikosoa.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaona binti yake anarudi likizo kutoka shule ya masista Bukoba, ana fidla ya kuazima mkononi, na anasoma nota za mistari mitano kama anavyosoma gazeti.

Ulikuwa kidato cha tatu. Majirani walikuja kusikiliza, wengine wakacheka, wakasema sauti hiyo inafanana na paka aliyekanyagwa. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilicheka kuliko wao. Ukaendelea kupiga, umefumba macho, na nilijua kabisa kwamba unachopiga ni kizuri.

Ulipomaliza shule ukaniletea kazi yako ya kwanza ya vyombo vinne, fidla mbili, viola na selo. Uliniambia, "Shikamoo mama. Naomba uniangalizie, wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza." Karatasi kumi na moja, umezipigia mistari kwa rula. Nikakwambia uniachie siku mbili.

Evodia, sikuweza kuzisoma. Nilizigeuza juu chini. Nilijaribu kuhesabu mistari kwa kidole, nikapata sauti tatu, nne, nikapotea. Ningeweza kukwambia, "Mwanangu, kaa hapa unifundishe." Badala yake nilichukua kalamu nyekundu ya shule. Kila mahali nilipoona nota zimekaribiana sana nilizungushia duara na kuandika pembeni: Hapa panagongana. Rekebisha. Nilikusahihishia kitu nisichokielewa, kwa mwandiko mzuri, kama daftari la darasa la nne. Nawe ukasema asante, ukakaa wiki nzima ukifuta.

Baadaye niligundua kwamba ulizirudisha zile nota zote kama zilivyokuwa. Hukuniambia, ulifanya tu. Na mimi, badala ya kuona aibu, nilikasirika.

Halafu ukaanza kwenda Ntobeye na simu yako kumrekodi bibi. Bibi yako, unajua, alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, na huko kwao wanawake walikuwa wakisalimiana kwa kuimba. Wawili wanakutana baada ya muda mrefu, mmoja anaanzisha, mwenzake anaingilia, sauti zinapishana na kufukuzana mpaka huwezi kujua nani anauliza na nani anajibu. Ulirudi na rekodi ya bibi na jirani yake mzee, ukaniwekea nisikilize. Niliinamisha kichwa. Ukadhani nimeguswa. Kweli niliguswa, lakini nilichokuwa najiuliza ni hiki: mbona mimi, mtoto wake wa kumzaa, hajawahi kuniimbia?

Nilimfuata nikamuuliza. Nilikwenda peke yangu, nikamkuta anachambua mbegu. Nikamwambia, "Mama, hizi salamu umempa Evodia. Mimi ulininyima."

Hakuacha kuchambua. Akasema kwa Kirundi chake cha pole, "Sikukunyima, mwana wanje, mwanangu. Ulinikataza."

Akanikumbusha. Nilikuwa darasa la tano. Watoto shuleni walikuwa wananiita Mrundi, wanauliza nitarudi kwetu lini. Siku moja bibi yako alikutana na mwenzake barabarani mbele ya shule, wakaanza kusalimiana kwa ule wimbo, na wanafunzi wakawaiga. Jioni nilimwambia mama asiimbe tena njiani, ananitia haya. Hakuimba tena mbele yangu. Nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Mlango huo niliufunga mwenyewe, halafu wewe ukaja ukaufungua kwa kuuliza tu. Unafikiri hilo lilinipunguzia wivu? Liliuongeza. Sasa sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kutokana na zile salamu ukatunga kazi yako ya fidla mbili, ukaipiga yote mwenyewe, sauti moja baada ya nyingine, ukazipachanisha kwenye simu na kuiweka mtandaoni. Ukafuata na ya selo peke yake, halafu nyingine ndefu ya vyombo vinne, sauti za vyombo usivyokuwa navyo ukizitengeneza kwa programu ya simu. Kila ulipoweka kazi mpya, watu wa mbali walikuandikia. Ulikuwa unanisomea maneno yao jikoni huku nikimenya ndizi. Nilikuwa nakujibu "Vizuri," na kisu kilikuwa kinakata ganda pamoja na nyama ya ndizi.

Ndivyo alivyokupata Tunu, yule mama mpiga selo wa Dar. Kundi lao la watu wanne lilikuwa linatoka Mwanza kwenda Bukoba, akapenda wapite Biharamulo wapige kazi yako ya fidla mbili mahali ilipozaliwa. Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Ukumbi wa parokia ulijaa. Kwaya yangu yote ilikuwa imekaa mbele. Bibi alivaa kitenge chake kipya, na nota zinazogongana, kama zile nilizozizungushia duara, zilipofika, fidla moja ikiuliza na nyingine ikijibu, akajibu. Bibi yako akaimba kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti yake ya kizee, na wapigaji hawakusimama, walimpisha tu apite katikati yao. Wanawake wa Ntobeye waliokuja naye walilia.

Mzee Zabroni, mwenyekiti wetu wa kwaya, akanigeukia, akaninong'oneza, "Mwarimu, kumbe ulikuwa umetuficha hazina. Sasa tunajua kipaji kilitoka kwa bibi."

Kwa bibi. Miaka ishirini na zaidi nimemtungia mzee huyu nyimbo, amezeeka akiziimba, halafu kipaji kimetoka kwa bibi, kimeniruka mimi kama shimo la njiani, kimetua kwako. Nilitoka nje nikasema naenda kuangalia chakula cha wageni. Chakula kilikuwa kimeshaiva. Nilisimama nyuma ya ukumbi, nikasikiliza makofi yakipigwa. Nilikuwa nayahesabu kwa pumzi, nikingoja yaishe.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Simu yako ilikuwa imekufa kioo wiki ile. Ukampa Tunu namba yangu. Wiki tatu baadaye akapiga, nikiwa kwenye bustani ya shule. Akanisalimia kwa heshima, akaniambia, "Mama, tunaandaa onyesho kubwa la kazi mpya. Tunaitaka ile ndefu ya Evodia ya vyombo vinne. Atume nota kamili za kila chombo kabla ya mwisho wa mwezi, na aje mwenyewe tufanye naye mazoezi."

Nikasema, "Nitamwambia."

Nilikuwa na nia ya kukwambia, nakuapia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nayapanga maneno. Nilikukuta uani unafua, unaimba kitu chako. Ukainua kichwa ukaniuliza, "Mama, hakuna aliyepiga?"

Nikasema, "Hakuna."

Neno moja. Lilitoka lenyewe, nami nikaingia ndani kuvua viatu. Kila siku baada ya hapo nilikuwa nasema kesho. Mwisho wa mwezi Tunu akapiga tena, akauliza kulikoni. Hapo sikuwa na kisingizio cha kusahau. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Evodia ameachana na muziki. Anataka kusomea ualimu."

Akasema, "Pole. Ni hasara kubwa. Msalimie."

Sikukusalimia.

Uliwasubiri. Mara mbili uliniomba simu uwapigie, mara zote mbili nikakwambia usijipendekeze, watu wazito hawapigiwi, wakikuhitaji watakutafuta. Ukaniamini. Baada ya muda ukaifunga fidla kwenye kasha lake, ukaipandisha juu ya kabati, ukaacha kuweka kitu chochote mtandaoni. Baba yako aliniuliza, "Huyu mtoto ana nini?" Nikamwambia ujana. Siku moja ulikuja na fomu za chuo cha ualimu, ukaniomba nikusaidie kuzijaza. Nilikusaidia. Nilikuambia hata masomo gani uchague.

Na nitakwambia sehemu mbaya kuliko zote. Ile miezi nilikuwa na furaha. Tulikuwa tunakwenda kuchota maji pamoja, unanisuka nywele, uliingia kwenye kwaya yangu, ukakaa sauti ya pili na wenzako, unanitazama nikiongoza. Kijicho kilikuwa kimelala. Nilijiambia kwamba nimekulinda na maisha ya kuhangaika. Mtu akiamua kujidanganya, mwanangu, anapata hoja nzuri kuliko mwanasheria.

Kilichonivunja si dhamira. Ilikuwa ni alasiri ya mazoezi. Nilikuwa natunga wimbo wa jubilei ya parokia, nimekwama mahali, wiki mbili nimekwama. Kila nilichojaribu kilikuwa kinafanana na nyimbo zangu za zamani. Ukanyoosha mkono kama mwanafunzi. Ukasema, "Mama, jaribu kuiacha sauti ya pili isimame palepale, isiende popote. Wengine ndio wasogee."

Tukajaribu. Evodia, ule wimbo ulifunguka wote. Waimbaji wenyewe wakaomba turudie.

Siku ya jubilei Mzee Zabroni alinishika mikono miwili, akasema, "Mwarimu, huu umezipita zote." Watu wakanizunguka. Nikawa napokea, asante, asante. Nikainua macho nikakutafuta. Nilikuwa nautafuta uso wangu kwako. Nilitaka kuona japo kidogo unachukia kwamba wimbo umeokolewa na wewe na sifa nazipata mimi. Ulikuwa umesimama karibu na kinanda, unapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, unalia kwa furaha. Furaha tupu. Nilitafuta kitu kingine ndani yake, sikukiona.

Hapo ndipo nilipojiona nilivyo.

Jumatatu nilikwenda nyuma ya madarasa nikampigia Tunu. Nikamwambia, "Ni mama yake Evodia. Nilikudanganya. Hajawahi kuacha muziki. Sikumwambia chochote kuhusu simu yako."

Akauliza, "Kwa nini, mama?"

Nikasema, "Wivu." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo neno.

Akaniambia onyesho lilishafanyika, nafasi yako alipewa mtunzi mwingine, na hawezi kuniahidi kama itatokea nyingine. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu kama angenifokea. Akamalizia, "Mimi sitamwambia. Hilo ni lako."

Miezi minne ikapita. Siku ile alipokupigia kwenye simu yako mwenyewe, kwa namba niliyompa mimi, akakuita uende ukae nao miaka miwili, uwatungie na usome, uliruka ukaniangukia shingoni, ukasema Mungu amejibu. Ukadhani amekutana tena na kazi zako mtandaoni. Niliona hiyo ndiyo njia ya mimi kupona bila kuumbuka. Kila mtu angekuwa na furaha, wewe ungekwenda, na Tunu amefunga mdomo.

Sitaki. Onyesho lile lilikuwa lako, na ile miezi uliyokaa ukidhani hufai ilikuwa yako pia. Nilikuibia vyote viwili. Una haki ya kujua kwamba hukukataliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi.

Huko unakokwenda utakutana na watu wanaotunga vizuri kuliko wewe. Siku moja utakaa ukumbini usikie kazi ya mwenzako, na utahisi kitu kinakukaza hapa chini ya mbavu. Sijui kama utakihisi, maana siku ya jubilei sikukiona kwako, lakini wewe ni mwanangu na huenda kimelala tu. Siwezi kukwambia jinsi ya kukiondoa. Mimi sijakiondoa. Juzi asubuhi ulipokuwa unapiga ile kazi mpya, ile uliyosema bado haijapata jina, nilisimama mlangoni na sufuria mkononi na kilinikaza vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii sikuondoka. Nilisimama mpaka ulipomaliza, nikakwambia ni nzuri, na nikakuomba unionyeshe ile nota ya mwisho inaandikwaje kwenye mistari. Ulishangaa. Ulinionyesha. Ilinichukua miaka yote hiyo kukuomba unifundishe.

Kama siku moja simu ya mwenzako itapita mikononi mwako, mpe siku ileile. Usiingie nayo ndani ya nyumba. Ukisubiri mpaka uvue viatu, utakuwa umechelewa.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini ya nguo zako uikute Dar. Ungeisoma mbali, ukanikasirikia mbali, na mimi ningekuwa nakula chakula changu kwa amani. Nimekataa. Nitakupa mkononi leo, kabla hujanawa, na nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako ukisoma. Ukitaka kupaza sauti, paza. Majirani wakisikia, wasikie. Ukitaka baba yako peke yake ndiye akusindikize kesho, sitanung'unika. Ukitaka kukaa mwezi, mwaka, bila kunipigia, nitajua ni kwa nini, na sitamsingizia mtu.

Kusamehewa sikuombi leo. Ukiniambia umenisamehe leo, nitakuwa na wasiwasi kwamba umefanya hivyo ili basi lisikuache.

Pikipiki imesimama nje, nakusikia unamshukuru dereva. Soma yote mpaka hapa, halafu niulize lolote unalotaka. Nitakujibu ukweli.

Mama yako,
Leonia